Joto likipanda, wadudu nao wapanda mlima

Kutoka ufukwe wa Gisenyi, magharibi mwa Rwanda, hadi kilele cha mlima Karisimbi ni kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka. Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita 4,507. Hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto sita kila unapopanda mita 1,000, hivyo ndani ya mwendo huo mfupi mna tofauti ya nyuzijoto kama 18. Mtu wa nchi tambarare angesafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini au kusini mwa dunia ili aipate. Wakulima wa Rubavu, wilaya ilipo Gisenyi, na wa wilaya jirani wameupanga mteremko huu kwa kufuata ubaridi wake: ndizi na kahawa karibu na ziwa, kama huko Nyamyumba, chai upande wa Pfunda, kisha viazi mviringo na pareto kwenye udongo mweusi wa volkano. Wadudu nao wamejipanga vivyo hivyo, kila aina na kimo chake. Sasa dunia inazidi kupata joto, na watu wengi hudhani kwamba wadudu, kwa kuwa ni viumbe sugu, watalizoea tu hapo walipo. Ushahidi unasema vingine. Mdudu ana uwezo mdogo wa kulizoea joto kali, ila ana uwezo mkubwa wa kulikwepa, na hakuna mahali ambapo kulikwepa ni rahisi kama penye mlima. Hilo ndilo linalopaswa kuwashughulisha watu wa Rubavu.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu au ng'ombe hujitengenezea joto ndani ya mwili na kulilinda lisipande wala kushuka. Wadudu walio wengi hawafanyi hivyo, bali joto la miili yao hufuata la hewa, jani au udongo wanapokaa. Hewa ikiwa baridi, kila kitu huenda polepole: kula, kukua, kujamiiana, kutaga. Joto likiongezeka, shughuli hizo huharakika mpaka zinapofikia kiwango kinachomfaa mdudu kuliko vyote. Kupanda hadi hapo huchukua nyuzijoto nyingi, lakini kuporomoka baada ya hapo huchukua chache tu. Protini za mwili hupoteza umbo lake, ngozi nyembamba zinazozunguka chembe hai huanza kuvuja, na mishipa ya fahamu haiwezi tena kuiongoza misuli. Mdudu huyumba, huanguka chali, miguu hutetemeka, kisha hutulia. Na kwa kuwa mwili wake ni mdogo huku eneo la ngozi likiwa kubwa kwa kulinganisha na ujazo wake, kiu humwua mapema, wakati mwingine kabla joto lenyewe halijamwua.

Ni kweli kwamba wadudu wana silaha dhidi ya joto, na baadhi yake ni za kustaajabisha. Mwaka 1962 mtaalamu wa Italia, Ferruccio Ritossa, aliripoti kwamba kromosomu za inzi wadogo wa matunda huvimba sehemu fulani wanapopashwa joto. Baadaye iligundulika kwamba uvimbe ule ulikuwa dalili ya jeni zinazoamshwa kutengeneza protini maalumu, ambazo kazi yake ni kuzishika protini nyingine zisiharibike umbo. Sisimizi wa rangi ya fedha wa jangwa la Sahara huzitengeneza protini hizo kabla hajatoka shimoni, akatoka adhuhuri wakati maadui zake wamejificha, na mwili wake huvumilia zaidi ya nyuzijoto 50 kwa dakika chache, huku vinyweleo vyake vikirudisha mwanga wa jua. Kaskazini mwa Nigeria yupo mdudu wa jamii ya visubi, Polypedilum vanderplanki, ambaye viluwiluwi vyake huishi katika vidimbwi vya miambani. Kidimbwi kikikauka, kiluwiluwi nacho hukauka kabisa, na kikiwa katika hali hiyo kimeweza kupashwa joto la nyuzijoto 102 kwa dakika moja na bado kikafufuka kilipotiwa maji. Nyuki wa kawaida hufanya kazi kwa ushirika. Wengine huleta maji na kuyatandaza ndani ya mzinga, wengine hujipanga mlangoni na kupepea kwa mbawa, na sehemu ya makinda hubaki karibu nyuzijoto 35 hata nje kukichoma.

Hata hivyo mifano hiyo inavutia kwa sababu ni ya nadra. Ukiwatazama wadudu kwa jumla, picha hubadilika. Mwaka 2000 watafiti Addo-Bediako, Chown na Gaston walikusanya vipimo vya spishi nyingi kutoka latitudo mbalimbali na kuona jambo ambalo limethibitishwa mara kadhaa tangu hapo. Uwezo wa kuvumilia baridi hutofautiana sana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini uwezo wa kuvumilia joto hutofautiana kidogo mno. Wapo wadudu wa nchi za barafu wanaohimili nyuzijoto 40 chini ya sifuri, na wapo wa tropiki wanaokufa kabla maji hayajaganda. Kwa upande wa joto, kikomo cha wengi wao, wa kaskazini na wa ikweta, huangukia kati ya nyuzijoto 40 na 50. Yaani mamilioni ya miaka ya mageuzi yamekisogeza mbali kikomo cha chini, huku cha juu kikisogea kidogo tu.

Tena kifo si kipimo pekee, kwani uzazi huharibika mapema zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, waliripoti kuhusu mbawakawa mwekundu wa unga, yule yule anayeharibu unga na nafaka katika maghala yetu. Wimbi la joto la siku tano lilipunguza uwezo wa madume kuzalisha kwa karibu nusu, ingawa madume yenyewe yalibaki hai na yakitembea. Mwaka 2021 utafiti mwingine uliopima spishi 43 za inzi wa matunda ulionyesha kwamba katika karibu nusu yake madume huwa tasa katika joto lililo chini ya lile linaloua. Kwa hiyo anayehesabu wadudu hai baada ya siku za joto na kusema wamestahimili, huenda anahesabu kizazi kisichoacha watoto.

Mdudu aliyebanwa hivyo ana njia mbili zilizobaki. Ya kwanza ni kujificha: chini ya jani, ndani ya udongo, ndani ya tunda, au kungoja usiku. Ya pili ni kuhama. Mwaka 1967 mwanaikolojia wa Marekani, Daniel Janzen, alitoa hoja kwamba milima ya tropiki ni vizuizi vikubwa kwa viumbe kuliko milima ya nchi za baridi, hata ikiwa na kimo kilekile. Mdudu wa Ulaya hukutana na baridi na joto kila mwaka, hivyo akipanda mlima hakuti jambo geni. Mdudu wa tambarare za ikweta huishi katika hali isiyobadilika sana, hivyo akijaribu kupanda hukutana na baridi ambayo mwili wake haukuumbiwa. Kwa hoja hiyo, ubaridi wa miinuko ya Rubavu umekuwa ua unaowazuia wadudu wa nchi za chini. Ua huo haukujengwa na mtu, wala hakuna anayeulipia. Hewa inapopata joto, nao hupanda mlima polepole pamoja na wale waliokuwa wakizuiwa nyuma yake.

Kahawa inatuonyesha jambo hili kwa karibu. Ruhuka ni mbawakawa mdogo mweusi, mwenye urefu usiofika milimita mbili, ambaye asili yake ni Afrika ya Kati. Jike hutoboa tundu kwenye kitovu cha tunda la kahawa, akaingia hadi kwenye buni, akataga mayai humo, na watoto wakala mbegu kutoka ndani. Madume hayaruki, huzaliwa, hujamiiana na kufia ndani ya tunda lilelile. Maisha yote ya mdudu huyu, isipokuwa safari fupi ya jike kutoka tunda hadi tunda, yamo katika kijumba cha ukubwa wa ncha ya kidole, ambako dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi. Mwaka 2009 Juliana Jaramillo na wenzake, wakiwemo wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, walichapisha vipimo vya mdudu huyu. Ukuaji wake husimama chini ya nyuzijoto 14.9 na juu ya nyuzijoto 32, na kati ya hapo kila nyuzijoto inayoongezeka humharakisha mpaka afikie kiwango kinachomfaa zaidi. Walieleza pia kwamba hapo nyuma hakukuwa na taarifa za ruhuka kushambulia mashamba yaliyo juu ya mita 1,500. Mita 1,500 ni kimo cha mashamba yaliyo karibu kabisa na Ziwa Kivu. Kahawa bora ya Rwanda hulimwa kuanzia hapo kwenda juu, katika ukanda ambao ubaridi umeukinga kwa miaka mingi.

Lakini si kila mdudu wa kahawa atafurahia joto. Kimatira, mdudu mwenye umbo la ngao na madoa ya rangi ya chungwa na nyeupe, hupenda ubaridi wa miinuko. Hufyonza matunda na vikonyo, na huhusishwa na ile kasoro ambayo wanunuzi wa kahawa ya Rwanda na Burundi wanaichukia kuliko zote, buni inayonukia kiazi kibichi, ambapo punje chache huharibu kikombe kizima. Joto likizidi, mashamba ya chini yanaweza kumfukuza kimatira na kumkaribisha ruhuka, huku kimatira akipanda kwenye mashamba ya juu. Mkulima wa bondeni na wa mlimani watapata habari tofauti kutokana na joto lilelile, na ushauri mmoja kwa wote wawili utamponza mmojawapo. Miti ya kivuli, kwa mfano, hupunguza joto la shamba na kumnyima ruhuka kasi yake. Ila mkahawa uliosongamana majani bila kupogolewa ni makazi mazuri ya kimatira. Kivuli bila kupogoa chaweza kutatua tatizo moja na kulea jingine.

Mfano wa pili ni mbu, na hapa hesabu yenyewe inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kanuni inayotumika tangu katikati ya karne iliyopita husema hivi: toa 16 kwenye wastani wa nyuzijoto, kisha gawa 111 kwa jibu hilo, utapata siku zinazohitajika. Katika nyuzijoto 18, kimelea huhitaji siku zaidi ya 55, na mbu wachache mno huishi muda huo. Katika nyuzijoto 20, siku hushuka hadi 28. Katika 22, hazifiki 19. Katika 25, ni 12 tu. Wastani wa joto la Gisenyi unacheza karibu na nyuzijoto 20, mahali ambapo nyuzijoto moja au mbili huamua kama mbu atakufa kabla hajawa hatari au baada. Na mbu anayependa kupumzika ndani ya nyumba, ambamo usiku huwa na joto kuliko nje, hupata nyuzijoto za ziada ambazo kituo cha hali ya hewa hakizioni.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, kwamba malaria ya miinuko haitokani na joto, na ni la kitaalamu hasa. Mwaka 1994 Michael Loevinsohn aliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wa malaria katika eneo la Gikonko, kusini mwa Rwanda, waliongezeka kwa asilimia 337 mwishoni mwa mwaka 1987 wakilinganishwa na miaka iliyotangulia, na kwamba ongezeko lilikuwa kali zaidi kwenye miinuko. Mwaka 1987 ulikuwa na joto na mvua nyingi kupita kawaida. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake wakajibu katika jarida la Nature. Walichunguza sehemu nne za miinuko, Gikonko yenyewe, Kericho ya Kenya, Kabale ya Uganda na Muhanga ya Burundi, wakasema hawakuona mabadiliko ya tabianchi yanayotosha kueleza kurudi kwa malaria. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakarudi kwenye sehemu zilezile nne wakiwa na takwimu za miaka zaidi, wakaona joto limepanda kwa takriban nusu nyuzijoto tangu 1950, na kwamba badiliko dogo kama hilo hukuzwa mara nyingi linapofika kwenye idadi ya mbu. Mwaka 2014 utafiti kutoka nyanda za juu za Ethiopia na Kolombia ukaonyesha kwamba katika miaka yenye joto malaria hupanda mlima, na katika miaka ya ubaridi hushuka. Mabishano hayo yametunoa. Hakuna tena sababu ya kudai kwamba joto ndilo chanzo pekee, wala ya kudai kwamba halina mkono.

Anayepinga anaweza kuongeza kwamba Rwanda yenyewe imethibitisha kuwa sera hushinda hali ya hewa. Malaria ilifikia takriban wagonjwa milioni tano mwaka 2016, na ilipofika mwaka 2023 walikuwa chini ya milioni moja. Joto halikushuka katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani, na washauri wa afya wa vijijini wanaopima na kutibu watu nyumbani kwao. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa kweli inaunga mkono jambo tunalolisema. Kazi zote hizo hupangwa kwa kutazama mahali penye hatari. Ramani ya hatari ikichorwa kwa kumbukumbu za miaka ya baridi, vijiji vya juu ambavyo ubaridi ulivilinda vitakuwa vya mwisho kupata chandarua, na watu wake, ambao hawana kinga ya mwili inayotokana na kuugua mara kwa mara, ndio watakaoumia zaidi ugonjwa ukifika.

Pingamizi la pili ni kwamba joto huua wadudu waharibifu pia, kwa hiyo liachwe lifanye kazi yake. Ushahidi upo. Katika bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, kituo cha Rekomitjie kilichofuatilia mbung'o kwa miongo kadhaa kilikuwa kikiwanasa zaidi ya 50 kwa ng'ombe mmoja kila alasiri mwaka 1990, na kufikia mwaka 2017 wastani haukufika hata mmoja. Watafiti wanalihusisha anguko hilo na joto lililoongezeka. Tena mwaka 2008 Curtis Deutsch na wenzake walionyesha kwamba wadudu wa tropiki kwa jumla wanaishi tayari karibu na kiwango chao bora, hivyo joto la ziada litawadhuru kuliko wale wa nchi za baridi. Kosa ni kuichukua hukumu hiyo na kuileta Rubavu kama ilivyo. Zambezi ni bonde la chini lenye joto kali. Rubavu iko tropiki kwa ramani, lakini kwa hewa yake inafanana zaidi na nchi za wastani. Kwa mdudu mharibifu aliyetoka chini, nyuzijoto 20 ziko upande wa kupanda, bado mbali na kiwango chake bora, na kila nyongeza kwake ni neema. Deutsch huyohuyo na wenzake walikadiria mwaka 2018 kwamba hasara ya ngano, mpunga na mahindi kutokana na wadudu itaongezeka kwa asilimia 10 hadi 25 kwa kila nyuzijoto moja, na kwamba maeneo ya ubaridi wa wastani ndiyo yatakayoguswa zaidi. Miinuko yetu inapaswa kujisoma katika kundi hilo.

Pingamizi la tatu linahusu kasi ya vizazi. Wadudu huzaa haraka. Ikiwa mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa ndani ya miaka michache, kwa nini wasijenge usugu dhidi ya joto? Tofauti ni kwamba dawa nyingi hushambulia mahali pamoja mwilini, na badiliko la jeni moja laweza kumwokoa mdudu. Joto hushambulia kila protini na kila chembe hai kwa pamoja, na ndiyo sababu kikomo cha juu kimesogea kidogo katika historia yote ya mageuzi. Wapo watakaosogea kwa sehemu ya nyuzijoto, lakini njia nyepesi kwao ni kupanda mita mia moja.

Kuna upande mwingine ambao haupati kelele. Kupanda kuna mwisho. Mdudu wa bondeni anapopata nafasi juu, yule aliyeishi juu tangu zamani hubanwa. Ukanda wa Bonde la Ufa la Albert, ambamo milima ya Virunga, Karisimbi ukiwemo, na msitu wa Gishwati imo, unasifika kwa viumbe wasiopatikana kwingine duniani, vipepeo wakiwemo. Kwa spishi iliyozoea ubaridi wa mita 3,500, kimbilio lililobaki ni dogo na huzidi kuwa dogo kadiri mlima unavyochongoka. Na kwa Gishwati, msitu uliokatwa vibaya kabla haujalindwa kama sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, kila kipande cha miti kinachorudishwa ni ngazi ya kuwawezesha wachavushaji na wala-wadudu kupanda pamoja na wale wanaowala.

Kutokana na hayo, yapo mambo ya kufanya sasa, na hayahitaji kungoja teknolojia mpya. Mitego ya ruhuka na ya mbu iwekwe kwa ngazi za kimo, kutoka ufukweni hadi vijiji vya juu, na matokeo yake yasomwe pamoja na vipimo vya joto vya Meteo Rwanda, hasa joto la usiku, kwa kuwa usiku wa baridi ndio uliokuwa ukiwasimamisha wadudu hawa. Bodi ya Kilimo, RAB, na ile ya mazao ya kuuza nje, NAEB, zitoe ushauri kwa kimo badala ya kwa wilaya nzima. Mamlaka za Rubavu na za Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, zibadilishane takwimu, maana wadudu hawasimami kwenye kituo cha mpakani cha Petite Barrière kuonyesha vitambulisho. Nawe mkulima wa kahawa, msimu ukiisha usiache tunda hata moja mtini wala chini ya mti, kwa sababu humo ndimo ruhuka anamongojea msimu ujao. Panda miti ya kivuli, na pogoa mikahawa yako ili kimatira asipate maficho. Ubaridi uliokuwa ukifanya sehemu ya kazi hiyo bila malipo unapungua, na sehemu hiyo sasa ni yetu.